Seli shina na kovu la nyuzi za sauti: mambo yanayoamua kabla na baada ya sindano

Mwenye kovu kwenye nyuzi za sauti haji na lalamiko moja. Mwalimu husema sauti inamkauka kabla ya kipindi cha tatu. Muadhini husema haipandi tena, ikifika juu inakatika. Mwimbaji wa kwaya husema ile sauti nyororo ya chini chini imepotea, ila akipaza inatoka. Hili la mwisho ndilo linalotupa taarifa kubwa kuliko yote. Sauti ndogo hutaka utando unaotikisika kwa pumzi kidogo, na kovu halitikisiki kwa pumzi kidogo. Hutaka kusukumwa, na mtu akisukuma mwaka mzima huja kwetu shingo ikiwa imekaza na koo linauma, akidhani ugonjwa uko kwenye misuli.

Kabla ya kuzungumzia seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugawanyika na kugeuka kuwa aina nyingine, ambazo katika tiba hii huchomwa kwenye uzi wa sauti baada ya kovu kukatwa, ni lazima ijulikane zinapelekwa wapi, maana mahali penyewe ni padogo mno. Nyuzi za sauti si nyuzi. Ni mikunjo miwili ya nyama laini ndani ya kisanduku cha sauti, na sehemu yake inayotetema ina urefu wa kama milimita 16 kwa mwanamume na 10 kwa mwanamke. Mwanamke akizungumza kawaida, mikunjo hiyo hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Katika miaka ya 1970 daktari Minoru Hirano wa Japani alionyesha kwamba mkunjo huo una tabaka: ngozi nyembamba juu, chini yake jeli, kisha nyuzi za elastini (protini inayonyumbulika), kisha za kolajeni (protini ngumu zaidi), ndipo msuli. Ile jeli, iliyojaa asidi ya hayaluroniki, dutu inayoshika maji, haifiki hata milimita moja kwa unene, nayo ndiyo inayoiacha ngozi iteleze juu ya msuli. Pumzi ikipita, wimbi hutembea juu ya mkunjo kutoka ndani kwenda nje. Wimbi hilo ndiyo sauti yako.

Jeraha likiishia kwenye ngozi, hupona bila alama. Likizama kwenye jeli au zaidi, mwili huziba pengo kwa kolajeni nene, hayaluroniki hupungua, na ngozi hugandamana na kilicho chini yake. Ni kama ngoma iliyotiwa kiraka: ngozi ipo, imewambwa, lakini pale penye kiraka hailii. Mara nyingi sababu ni upasuaji wa kuondoa vinundu au uvimbe ambao kisu kilizama kuliko ilivyohitajika. Nyingine ni kukatwa mara nyingi kwa sababu ya papiloma (vioteo vinavyoletwa na kirusi), kuondolewa saratani ya awali, mionzi, au mpira wa kupumulia uliokaa kooni siku nyingi.

Sasa, nani anafaa kwa tiba hii? Hapa wengi hupotea njia. Mwenye uzi uliopooza kwa sababu neva imekatwa, kwa mfano baada ya upasuaji wa tezi ya shingo, hana kazi na seli shina kwenye tabaka la jeli. Uzi wake haufungi, na anahitaji kusogezwa uzi huo katikati. Mwenye papiloma inayoendelea kuota hafai, kwa sababu kirusi kitarudi na kisu kitarudi. Mwenye saratani isiyokwisha kutibiwa asiguswe kabisa: seli hizi hutoa vichocheo vya ukuaji, na hakuna anayetaka kuvimwaga karibu na uvimbe. Anayevuta sigara aache kwanza. Mwenye kiungulia atibiwe kwanza, kwani tindikali inayopanda usiku huchoma kidonda kile kile tunachotaka kipone vizuri.

Na kovu lenyewe liwe limekomaa. Kovu la miezi mitatu bado linabadilika, na kwa watu wengine hulainika lenyewe kadiri mwaka unavyokwenda, hasa wakifanya mazoezi na mtaalamu wa tiba ya sauti. Ukichoma seli mwezi wa nne na sauti ikatengemaa mwezi wa kumi, hutajua nani wa kushukuriwa. Kwa hiyo mazoezi kwanza, angalau miezi kadhaa. Sindano ya dawa jamii ya steroidi ikifaa. Jeli ya hayaluroniki ya kujaza pengo ikifaa. Anayebaki na sauti mbovu baada ya yote hayo ndiye wa kuzungumza naye.

Seli zenyewe hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kazi tutakayoifuata hapa ni ya Stockholm, Uswidi, ambako Stellan Hertegård na wenzake walichapisha mwaka 2020 matokeo ya wagonjwa 16 waliotibiwa kwa seli shina za mesenkaima (zile za tishu kama mfupa na mafuta) kutoka kwenye uboho wao. Kuna njia nyingine. Marseille, Ufaransa, walichukua mafuta ya tumboni, wakayachakata na kuchoma mchanganyiko wa seli zake siku hiyo hiyo bila kuziotesha. Ripoti ya mgonjwa wa kwanza ilitoka 2018. Los Angeles, mwaka 2011, Dinesh Chhetri alitoa ripoti ya watu watano waliochomwa fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza kolajeni, zilizooteshwa kutoka kwenye ngozi ya ndani ya shavu, dozi tatu kwa kupishana wiki nne. Hizo za shavuni si seli shina, ingawa matangazo hupenda kuziweka kwenye kapu moja.

Uboho huvutwa kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, kwa ganzi ya mahali hapo. Kosa la wasiozoea ni kutaka kujaza bomba kwa mkupuo. Seli zinazotafutwa zimo kwenye mililita 2 hadi 4 za mwanzo. Ukiendelea kuvuta pale pale, kinachokuja ni damu ya kawaida, na unajidanganya kwamba umepata nyingi. Sogeza sindano, vuta kidogo tena. Bomba liwe limesuuzwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, la sivyo vibonge vya damu vitazinasa seli kabla hazijafika maabara.

Maabara humwaga uboho taratibu juu ya kimiminika kizito chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita, kisha huuzungusha kwenye mashine. Chembe nyekundu huzama, na katikati hubaki pete nyembamba nyeupe. Hiyo pete ndiyo hufyonzwa. Hata humo seli shina ni adimu: kati ya seli 100,000 pengine utapata moja, ukibahatika kumi. Huwekwa kwenye chupa bapa za plastiki, sentigredi 37, hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5. Baada ya siku moja au mbili chakula chao hubadilishwa, na zisizoshika plastiki huoshwa. Zinazobaki zimenata, ndefu, zimechongoka ncha zote mbili kama mitumbwi iliyoachwa ufukweni maji yalipokupwa.

Zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa, hung'olewa kwa tripsini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini, na kupandwa upya, kama seli 4,000 au 5,000 kwa sentimita ya mraba. Tripsini ni ya dakika chache tu. Fundi akienda kunywa chai akairudia baadaye, kimeng'enya kitakuwa kimekula protini za juu ya seli, na vipimo vya utambulisho vitasoma vibaya. Ukiziacha zisongamane kupita kiasi, huzembea au huanza kugeuka kuwa kitu kingine. Ukizipanda na kuzing'oa mara nyingi mno, huzeeka: zinakuwa kubwa, bapa kama chapati, na hazigawanyiki tena kwa haraka. Mizunguko miwili au mitatu inatosha, na kazi nzima huchukua wiki tatu hadi tano.

Inatosha kwa sababu kiasi kinachohitajika ni kidogo. Stockholm walitumia seli 600,000 hadi milioni 2 kwa mgonjwa. Ukisikia kliniki inajisifu kwa seli milioni 100 za sauti, jiulize zitakaa wapi. Nafasi yenyewe ni ndogo mno, na ikijazwa kupita kiasi huvimba na kuziba njia ya hewa.

Kabla hazijatoka maabara lazima zithibitishwe. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2006 vinataka asilimia 95 au zaidi ziwe na alama za utambulisho juu ya seli ziitwazo CD73, CD90 na CD105, na zisizidi asilimia 2 zenye alama za seli za damu kama CD45 na CD34. Kisha kuna vipimo vya bakteria, kuvu, sumu za bakteria na mikoplazima. Huyu mikoplazima, bakteria mdogo mno, ndiye mwizi wa kimya: chakula cha seli hakichafuki, hakibadiliki rangi, hadubini ya kawaida haimwonyeshi, na seli zinaendelea kuota kana kwamba hakuna kitu. Asipotafutwa kwa kipimo chake maalumu, hapatikani.

Siku ya upasuaji seli husafiri kwenye maji ya chumvi yenye albumini, na saa zinahesabika. Zikifika zihesabiwe tena kwa rangi ya bluu, ambayo seli hai huikataa na iliyokufa huinywa. Kizingiti cha kawaida ni asilimia 70 ziwe hai. Chini ya hapo unamchoma mgonjwa mabaki ya seli, na mabaki huita uvimbe, yaani kile kile unachojaribu kukizuia.

Tunafika kwenye chumba cha upasuaji, na hapa ndipo tiba hufaulu au huharibika. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, mpira wa kupumulia uwe mwembamba, namba 5 au 5.5, ili upishe vyombo. Bomba la chuma hupitishwa mdomoni na kutundikwa, hadubini huletwa na lenzi yake ya milimita 400. Usichukue kisu kwanza. Gusa uzi kwa ncha butu, usukume ngozi yake pembeni uone inateleza wapi na inagoma wapi. Halafu choma chini ya ngozi maji ya chumvi yenye adrenalini ya 1 kwa 10,000, tone moja au mawili. Penye uzima, lengelenge jeupe huinuka na kutambaa polepole kuelekea mbele na nyuma. Penye kovu husimama ghafla, na ngozi hubonyea hapo kama godoro lilipofungwa kifungo. Umeshapata ramani, hakuna picha ya kompyuta itakayokupa iliyo sahihi zaidi.

Mkato hufanywa upande wa juu, mbali na ukingo unaogongana. Ngozi huinuliwa, kovu huachanishwa na kutolewa nyuzi kwa nyuzi, na unaacha ukiuona msuli, huuingii. Kuna mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni kutoboa ngozi hiyo ukiiinua, kwa sababu tundu lolote ni mlango wa seli kutokea. La pili ni kuzichubua nyuzi zote mbili pale mbele zinapokutana. Zikipona zikiwa zimegusana hushikana, utando hujengeka kati yake, na mgonjwa anabaki na shida mbili badala ya moja. Kovu likiwa pande zote hadi mbele, afadhali kuacha kipande upande mmoja.

Ndipo bomba la seli hufunguliwa. Linaonekana kama maji yaliyooshewa mchele. Likikaa dakika chache limesimama, mchele wenyewe hutuama: seli zote ziko chini, juu kuna maji matupu. Msaidizi aligeuze taratibu, bila kutikisa, maana povu huua seli. Sindano iwe ya geji 25 hadi 27, na bomba la sindano liwe la mililita 1 lenye kufungwa kwa skrubu, kwa sababu likichomoka kwa shinikizo kazi ya wiki tano imemwagika kooni. Sindano hizi za kufika kwenye kisanduku cha sauti ni ndefu, na urefu huo una tumbo, yaani nafasi ya ndani inayobaki na dawa. Ijaribiwe kabla kwa maji ya chumvi: ikiwa inabaki na mililita 0.2, na una mililita 0.5 tu mkononi, basi umepoteza asilimia 40 ya dozi huku ukiandika kwenye faili kwamba umechoma yote. Dawa yake ni kusukuma kilichobaki kwa maji ya chumvi nyuma yake, au kuongeza kiasi cha tumbo hilo tangu maabara.

Sukuma polepole. Wanaodhani sindano nyembamba ndiyo inayoua seli wana nusu ya ukweli. Kasi ndiyo inayozipasua. Unachotaka kuona ni ngozi ikiinuka kidogo. Isipoinuka, ncha iko ndani ya msuli na unalisha mahali pasipo na kovu. Ikiinuka kwa ghafla na kung'aa, uko juu mno, ndani ya ngozi yenyewe. Ukimaliza usichomoe mara moja. Hesabu mpaka kumi. Ukichomoa haraka utaona tone dogo la maziwa likirudi kwenye tundu, na mpira wa kufyonza, kama uko karibu, utalinywa. Mpira huo uondolewe kabisa wakati huu. Baadhi huchanganya seli na jeli ya hayaluroniki ili zishikilie. Stockholm walifanya hivyo kwa wagonjwa 8 kati ya 16, na uboreshaji ulionekana kwa waliopata jeli na kwa wasiopata pia.

Baada ya hapo ni kimya, na hakuna sehemu inayovunjwa kama hii. Siku chache hadi wiki moja bila neno hata moja, kutegemea ukubwa wa mkato. Watu husikia "usiseme" wakaanza kunong'ona. Kunong'ona kunakaza kisanduku cha sauti na kukausha nyuzi. Kusafisha koo kwa kukohoa ni vibaya zaidi, ni kupiga makofi kwa kidonda kibichi; anywe maji, ameze. Mgonjwa aandike, atume ujumbe wa simu, na nyumbani waambiwe mapema wasimpigie. Kisha sauti hurudishwa kwa kipimo: dakika tano, kumi kwa siku, ya kawaida, bila kupaza, ikiongezeka wiki kwa wiki. Zoezi zuri la kuanzia ni kupuliza sauti ya "uuu" kwa mrija uliozamishwa sentimita chache kwenye glasi ya maji. Maji husukuma hewa irudi nyuma, na mikunjo hutetema bila kugongana kwa nguvu. Lakini kimya kirefu nacho kina ubaya wake: kidonda kinachopona bila mtikisiko wowote hupanga nyuzi zake ovyo.

Seli zinafanya nini muda wote huo? Jibu huwavunja moyo wanaotarajia muujiza. Hazigeuki kuwa uzi mpya wa sauti. Katika majaribio kwa wanyama, nyingi hutoweka ndani ya wiki chache. Kazi yao ni ya mpatanishi kwenye ugomvi: hutoa vichocheo vinavyopunguza uvimbe, huzipoza fibroblasti zisimwage kolajeni kupita kiasi, na husaidia hayaluroniki irudi. Kidonda kipya kinapona kwa adabu kuliko kilivyopona cha kwanza. Ndiyo maana kovu la zamani lazima likatwe kwanza. Seli zikimwagwa juu ya kovu lililokauka miaka mitano, hazina ugomvi wa kupatanisha.

Matokeo yanapimwa kwa kulinganisha, kwa hiyo aliyesahau kurekodi kabla hana cha kuonyesha baadaye. Rekodi sauti kwa maikrofoni ile ile, umbali ule ule, maneno yale yale. Chukua video ya stroboskopi, taa inayomweka-mweka, inayoonyesha wimbi, au kamera ya kasi yenye picha maelfu kwa sekunde, kwa sababu stroboskopi hushindwa sauti ikiwa imeparaganyika sana. Pima shinikizo la chini kabisa la pumzi linaloamsha sauti. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 3 hadi 5 za maji, na kovu hulipandisha. Mgonjwa ajaze dodoso la maswali 30 ambalo alama zake hufika 120. Rudia mwezi wa tatu, wa sita, na wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza hausemi kitu. Uzi bado mwekundu na umevimba, na sauti inaweza kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Mgonjwa aambiwe hilo kabla, si baada.

Kwa wagonjwa wa Stockholm, katika mwaka mmoja hakukuripotiwa madhara makubwa. Mtetemo na unyumbufu uliboreka kwa asilimia 62 hadi 75 yao, kutegemea kipimo. Alama za dodoso ziliboreka kwa wanane. Waliobaki hawakuona badiliko la maana. Yaani kamera iliona nafuu kwa watu wengi kuliko wao wenyewe walivyoihisi, na hilo halishangazi: mtu aliyezoea kusukuma sauti kwa miaka huendelea kusukuma hata baada ya kizuizi kupungua, mpaka afundishwe kuacha. Tena hakukuwa na kundi la kulinganisha, la waliokatwa kovu bila kupewa seli. Kukata kovu vizuri peke yake kunaweza kumpa mtu nafuu. Kiasi gani ni cha kisu na kiasi gani ni cha seli, jaribio la namna hiyo haliwezi kutenganisha.

Pia kuna wanaochanganya haya na kazi ya Wisconsin, Marekani, ya mwaka 2015, ambako Nathan Welham na wenzake waliotesha utando mzima wa uzi wa sauti kutoka kwenye seli za watu, kwenye kolajeni, kwa takriban wiki mbili. Walipoupandikiza kwenye kisanduku cha sauti cha mbwa kilichotolewa mwilini na kupuliza hewa yenye joto na unyevu, ulitetema na kutoa sauti. Ni kazi nzuri sana, ila ile ni tishu iliyojengwa nje na kushonwa, na seli zake hazikuwa seli shina.

Kwa anayeambiwa tiba hii ipo tayari mahali fulani, na wauzaji hawakosekani, wakiwemo wa unga wa sacheti wa kukoroga kwenye maji ambao hauwezi kufika kwenye uzi wa sauti hata kwa bahati, yapo maswali ya kuuliza. Seli ni za nani, zimetoka wapi mwilini, na zimepandwa mizunguko mingapi? Cheti cha vipimo kiko wapi, na kimeandikwa mikoplazima? Asilimia ngapi zilikuwa hai siku ya sindano? Je, ni utafiti uliopitishwa na kamati ya maadili, na kama ni utafiti, kwa nini unanitoza? Nitarudi lini kupimwa, na rekodi yangu ya kabla nitapewa nakala? Na swali ambalo wengi hawaliulizi: nani atakayelikata kovu, na kwa mwaka hukata mangapi?